Mniulizao Macho Yatasimama Lini

Kila wiki lazima aje mmoja wenu. "Shikamoo, babu." "Marahaba." Halafu anavua miwani, anaifuta kwa pindo la shati lililojaa vumbi la barabarani, anaanza: "Babu, mwaka juzi nilipewa namba mbili. Mwaka jana mbili na nusu. Sasa wananiambia karibu tatu. Hivi macho yangu yatasimama lini?"

Nimeshaacha kazi, jamani. Nakaa kwangu Mtanda, hapa Lindi, nina chai yangu na mhogo wangu, na bado mnanifuata hadi kwenye mkeka. Kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja iwe basi. Mimi shule niliishia darasa la nne. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe, nyinyi ndio wasomi.

Na kabla sijaenda mbali: acheni kufuta miwani kwa shati! Vumbi la huku lina mchanga ndani yake. Unakwaruza kioo, kisha unakuja kulalamika kwamba macho yameota ukungu. Maji, sabuni kidogo, kitambaa laini. Nimelisema hili tangu sina mvi, na sijaona hata mmoja aliyenisikia.

Kazi yangu ilikuwa miwani. Sikuwa daktari, na mtu asije akawaambia nilikuwa daktari, ingawa upo wakati niliwaacha watu waamini hivyo, na ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuifikia. Nilianza kwa kufagia chumba cha macho katika hospitali moja ya huku kwetu. Mwenye chumba alikuwa Bwana Damiani, Mmakonde kutoka Newala, mtu wa kanisani kila Jumapili, na mdomo wake mchungu kuliko dawa zake. Siku moja alinikuta nimeegemea fagio natazama sanduku lake la vioo vya kupimia. Akasema, "Hamisi, hivyo havifagiwi. Njoo ushike hiki."

Akanisimamisha mbele ya dirisha. Shika kioo mbali na uso, akasema, utazame msalaba wa mbao za dirisha kupitia kioo, kisha kisogeze kulia na kushoto. Msalaba ukifuata kule kioo kinakokwenda, hicho ni cha mtu asiyeona mbali. Ukikimbilia upande wa pili, ni cha wazee wa kusomea. Ukibandika vioo viwili vya kinyume pamoja, na msalaba ukatulia kabisa, basi nguvu zao ni sawa. Kwa ujanja huo nilikuja kuijua namba ya miwani yoyote bila mashine. Lakini siku ile nilimuuliza, "Bwana Damiani, ni lazima uwe msalaba? Mimi Mwislamu." Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Somo la pili hakulicheka. Alisema, "Kijana ukimpima, mpe kioo dhaifu kuliko vyote vinavyomfikisha kwenye mstari wa chini wa ubao. Dhaifu! Ukimpa kikali atakushukuru, na shukrani yake ndiyo itakayokudanganya." Nikaitikia ndiyo, bwana. Kuitikia ni kazi rahisi.

Ikaja enzi ya ruksa. Nyinyi hamkumbuki, nyinyi mnadhani maduka yalizaliwa yamejaa. Sisi tulipanga foleni ya sabuni. Ghafla milango ikafunguliwa, marobota ya mitumba yakawa yanashuka, na katikati ya makoti ya baridi, ambayo Lindi nzima hakuna wa kuyavaa, kulikuwa na mifuko ya miwani iliyokwisha kuvaliwa na wazee wa Ulaya. Bwana Damiani alikuwa ameshastaafu, amerudi Newala kwenye mikorosho yake. Hakuna aliyenikataza. Nikaacha fagio, nikaweka meza sokoni. Siku nyingine niliibeba mizigo yangu hadi Mingoyo, siku nyingine hadi Kilwa Kivinje.

Hapo Kivinje nilipata aibu yangu ya kwanza. Sikuwa na ubao wa kupimia, basi nilitumia kibao cha duka la ng'ambo ya barabara. DUKA LA VITU MCHANGANYIKO NA MAFUTA YA TAA. Mteja anasimama mezani kwangu, anasoma. Akaja fundi cherehani mmoja kijana, akasoma mwanzo hadi mwisho, hakukwama hata mahali pamoja. Nikampa mkono. "Macho yako mazima, nenda kashone."

Jirani yangu muuza kahawa akaniuliza, "Fundi, kasoma nini yule?"

Nikageuka. Mwenye duka alikuwa amekipaka kibao rangi nyeupe asubuhi ile, anataka kuandika upya. Hapakuwa na herufi hata moja. Nikamwita yule kijana kwa hasira. Akanijibu kwa adabu zote, "Si uliniambia nisome, fundi? Mimi nakijua kile tangu mtoto. Kwani kimefanya nini?"

Kutoka siku ile nikachora ubao wangu. Herufi E tupu, nyingine imetazama juu, nyingine chini, kulia, kushoto, na mteja anaonyesha kwa vidole inakotazama. Hata asiyejua kusoma anapimwa, na asiyeona hawezi kukariri, maana nilikuwa naugeuza ubao. Nilikuwa pia na kadi niliyoitoboa kwa sindano. Mtu akitazama kupitia kile kitundu akaona vizuri kidogo, miwani itamsaidia. Asipoona tofauti, usimuuzie kitu, mwambie aende hospitali. Haya yote niliyafanya vizuri, nasema kweli. Nililoliharibu ni lile somo la pili.

Sasa nimfikie Somoe.

Somoe alikuwa binti wa hapa hapa Mtanda, mama yake Mmwera. Alipokuwa na miaka kumi na saba watu walimwita mwenye kiburi, kwa sababu alikuwa akipishana na wazee barabarani bila shikamoo. Mama yake alimpiga kwa hilo. Mtoto analia, anasema sikumwona, na mama anasema utaachaje kumwona mtu mzima na kanzu yake! Mpaka Bwana Damiani, katika miezi yake ya mwisho kazini, alipompima akamkuta haoni mbali, akampa namba moja na nusu. Siku ya kwanza ya kuvaa miwani aliamkia mtaa mzima, hata waliokuwa wamekaa vibarazani mbali. Wakasema sasa anajidai. Mimi nawaambieni, watu hawa hawana dawa.

Akaenda chuo cha ualimu. Likizo yake ya kwanza akaja mezani kwangu. "Shikamoo, fundi. Ubao wa darasani umeanza kufifia." Nikampa namba mbili, akausoma mstari wa chini, pole pole. Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Lakini nilikuwa na miwani ya namba tatu, fremu nzuri, haina mkwaruzo. Nikamwambia, jaribu na hii.

"Haa! Hii, fundi! Hii herufi nyeusi ti!"

"Chukua hiyo."

Mwaka uliofuata akarudi, ubao umefifia tena kidogo. Nikampa nne. "Nyeusi zaidi!" Akanishukuru kwa mikono miwili. Nami nikajiona fundi.

Sikilizeni sana hapa, maana hili ndilo mnalofanyiana hadi leo mnapoazimana miwani. Jicho la kijana lina nguvu ndani yake, lina msuli wa kulikaza. Ukiliwekea kioo kikali kupita kiasi, linajikaza kufidia, na herufi zinaonekana ndogo, kali, nyeusi. Kijana anadhani ndiyo kuona vizuri. Kumbe jicho limebeba gunia kutwa nzima. Jioni kichwa kinamgonga, akisoma kitabu maandishi yanaogelea, na msuli ukigoma kulegea hata ubao wa mbali unafifia. Mzee huwezi kumfanyia hivyo, atakurudishia miwani papo hapo. Kijana atakushukuru.

Somoe akaanza kuumwa kichwa kila siku. Na habari ikafika Mingoyo kwa mjomba wake.

Huku kwetu, mtoto wa dada ni wa mjomba. Baba anaweza kusema, ila mjomba ndiye anayekata shauri. Huyu alikuwa Mzee Ismaili, muuza ufuta, mtu mrefu wa maneno machache. Alikuja mezani kwangu saa nne asubuhi, nyuma yake Somoe, nyuma ya Somoe mama yake. Akafungua leso, akapanga juu ya meza yangu miwani mitatu, moja moja. Ya moja na nusu. Ya tatu. Ya nne.

"Fundi, wewe unayajua haya. Ipi nene?"

"Hii ya mwisho, mzee."

"Na kabla yake?"

"Hii ya katikati."

"Basi mimi si msomi, lakini kupanga kwa unene najua. Chuo kinamla mtoto macho. Bibi yetu mmoja alikufa kipofu, najua mwisho wake. Chuo kinafunguliwa Jumatatu. Harudi."

Mama yake akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, amebakiza mwaka mmoja."

"Atafundisha nini akiwa kipofu? Atafundisha kuomba?"

Somoe hakulia. Alinitazama mimi tu. Alikuwa na miaka ishirini, na alinitazama kama mtu anayemsubiri daktari aseme. Nikawaza haraka haraka. Ningeweza kusema macho ndivyo yalivyo, Mungu amepanga, na wote wangeondoka wakiniheshimu. Watu walishaanza kusogea, muuza nyanya kaacha nyanya zake. Na mimi nilikuwa naijua hesabu ile pale mezani kuliko mtu yeyote, kwa sababu nusu yake niliiandika mimi.

Nikasema, "Mzee, hii ya nne ni kosa langu. Na hii ya tatu pia. Sikumpa anayohitaji. Nilimpa iliyomfurahisha."

"Rudia."

"Nimempa mikali kupita kiasi. Kichwa kinachomuuma ni cha miwani yangu, si cha vitabu."

Muuza nyanya akasema, "Lahaula." Mzee Ismaili akaniinamia. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyemharibu mtoto wetu."

"Jicho sikuliharibu, mzee. Nimelichosha. Ngoja." Nikausimamisha ubao wa E mbali, nikamvalisha Somoe namba mbili na nusu, nikakaa kimya, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Akaonyesha vidole: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Mstari wote.

"Unaona?" nikasema.

"Naona fundi mwongo," akasema mzee. "Kwa nini nikuamini leo?"

"Usiniamini. Twende hospitali, akapimwe na asiyeuza kitu."

Tulikwenda wote wanne, kwa miguu, mimi nimefunga meza mchana kweupe. Chumba kilikuwa kile kile nilichokifagia. Daktari alikuwa mama mmoja mgeni, mpole, akamtilia Somoe matone ya kulegeza ule msuli, ili jicho lisiweze kudanganya kwa kujikaza. Matone yale yanaipanua mboni na kuleta ukungu wa karibu kwa muda, kila aliyewahi kutiwa anajua. Lakini mimi, mjinga mimi, nilisahau kumwambia mjomba.

Somoe akatoka barazani, mboni nyeusi kama kokwa za fenesi zilizoungua, anajikinga na jua. Mjomba akamwekea mkono usoni. "Vidole vingapi?"

"Mjomba, naona ukungu."

"Mmempofusha!" Alipiga kelele hospitali nzima ikasimama. "Dada! Wamemmaliza kabisa! Ameingia anaona, katoka haoni!" Akanishika kola. Ilibidi yule daktari atoke mwenyewe, akaapa kwamba kesho mtoto atakuwa sawa, na bado mzee hakuniachia kola mpaka tulipoketi wote ndani.

Kipimo kilikuja mbili na nusu. Daktari alichungulia hadi nyuma ya jicho, akasema ni zima. Akamuuliza mzee kuhusu yule bibi aliyekufa kipofu. Alikuwa na umri gani? Mzee sana. Mboni ilikuwaje? Nyeupe, kama imemwagiwa maziwa. "Huyo alikuwa na mtoto wa jicho," akasema daktari. "Hilo halihusiani na haya."

Mzee akafikiri. Kisha akauliza lile lile mnaloniuliza nyinyi. "Lakini kutoka moja na nusu hadi mbili na nusu, hilo si la huyu mwongo. Hilo ni lake. Yatasimama lini?"

Daktari akamjibu, na nilikariri, kwa hiyo chukueni kama nilivyochukua. Jicho la asiyeona mbali ni jicho lililorefuka kupita kiasi chake. Utotoni linakwenda mbio. Ukubwani linapunguza mwendo. Kwa wengi linatulia kwenye miaka ya ishirini na kitu, wengine mapema, wengine wanakaribia thelathini, na msomaji sana huenda akachelewa. Miwani ya kipimo sawa hailirefushi. Kuivua hakulirudishi. Tena hakuna mashine inayotaja tarehe. Unapimwa kila mwaka, na namba ikikaa mahali pamoja mwaka hadi mwaka, ndipo unajua. Na akamwambia Somoe: ukiona mwanga kama wa kiberiti pembeni mwa jicho, au nzi weusi wengi wa ghafla, au kama pazia linashuka, usisubiri likizo, kimbia hospitali siku ile ile.

"Kwa hiyo hujui," akasema Mzee Ismaili.

"Sijui la kwake, mzee. Najua la wengi."

"Fundi baiskeli ananiambia siku. Fundi nyumba ananiambia siku, hata kama ni uongo."

"Ndiyo maana mimi sikutajii," akasema daktari.

Somoe alikuwa ameshika pindo la kanga ya mama yake kama mtoto mdogo. Mwishowe mjomba akasema, "Atarudi chuo Jumatatu." Mama akashusha pumzi. "Ila wewe," akanigeukia, "kila likizo utamleta hapa mwenyewe. Utakaa kwenye benchi lile na wagonjwa. Na usimuuzie kitu. Hata kamba ya kufungia miwani."

Mnaona adhabu hiyo? Muuza miwani wa sokoni, anajulikana mji mzima, ameketi benchi la hospitali kila likizo akisubiri mteja wake apimwe na mwingine. Watu wanapita, "Ee, fundi, na wewe huoni?" Nikawa najibu nimesindikiza mtu, na hakuna aliyeamini. Kidogo kidogo nikaona vijana wanaokuja mezani kwangu nawaambia, wewe hujafika thelathini, kapimwe kwanza kule, uje na karatasi nikutafutie fremu. Nilikosa wateja wengi. Walikwenda kwa wenzangu walioweka meza pembeni yangu, wanawapa "nyeusi ti", wanashukuriwa. Mpaka leo nikipita sokoni nikiona hivyo nabadili njia.

Alipofika ishirini na mbili, mbili na robo tatu. Mjomba akatuma ujumbe kutoka Mingoyo: "Bado?" Ishirini na tatu, namba tatu. "Bado?" Wakati huo alishaajiriwa, anafundisha darasa la pili, nami niliogopa kwa niaba yake. Namba ingepanda tena, mzee angeweza kusema niliwaambieni, na kwa mjomba yule kazi ya serikali haikuwa kitu cha kumzuia.

Ishirini na nne, tatu. Nikasema mara moja haitoshi. Ishirini na tano akatoka chumbani ameishika karatasi. Maandishi ya daktari siwezi kuyasoma, lakini namba nazijua. Tatu, kulia na kushoto.

"Fundi," akasema, "ni ile ile."

"Nimeona. Ondoka mlangoni, unawazibia wagonjwa."

Akacheka huku anajifuta machozi, kwa pindo la gauni, halafu kwa pindo lile lile akafuta na miwani. Miaka yote ile, na mwalimu!

Safari hiyo nilipanda gari kwenda Mingoyo mwenyewe, sikutaka kutuma mtu. Nikamkuta Mzee Ismaili anapepeta ufuta na wenzake. Nikamsalimu, nikampa habari. Akaacha ungo.

"Yamesimama?"

"Yamesimama, mzee. Miaka mitatu namba ile ile."

"Siku gani?"

Uvumilivu ukanishinda. Mbele ya wenzake wote nikamwambia, "Mzee Ismaili, wewe ni mrefu. Siku uliyoacha kurefuka ilikuwa Jumanne au Jumatano?"

Nilidhani atanitukana. Akafikiri, yule mzee, akafikiri kweli kweli, uso juu, ufuta umemganda kwenye ndevu. Kisha akasema:

"Nitamuuliza dada. Yeye ndiye aliyekuwa akinishonea kanzu."